Usonji: Siku Piano Ilipomjibu Mtoto Anayelia

Mtoto analia. Siyo kilio cha kitoto, ni zile kelele za kupasua masikio. Wengi wangemwambia anyamaze. Jamaa aliyekaa kwenye piano hakusema kitu. Alisikiliza sauti ya kilio iko juu kiasi gani, akaanza kupiga muziki unaoendana nayo. Taratibu dogo naye akaanza kulia kwa kufuata piano, mpaka kilio kikawa kama wimbo.

Hiyo ilikuwa Philadelphia, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpiga piano ni Paul Nordoff, mtunzi wa muziki. Mwenzake ni Clive Robbins, mwalimu Mwingereza wa watoto wenye mahitaji maalumu. Walianza kufanya kazi pamoja Uingereza mwaka 1959.

Ili uelewe uzito wake, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika kuhusu watoto 11 waliojitenga na watu, na ndipo usonji ukaanza kujulikana. Baadhi yao walikuwa hawaongei vizuri ila nyimbo wanazishika balaa. Yaani dalili ilikuwepo mapema kabisa!

Lakini wataalamu wengi wakakimbilia kutafuta mchawi. Wakamkuta mama. Wakasema ana moyo wa baridi kama friji, ndiyo maana mtoto yuko hivyo. Fikiria mzazi anahangaika usiku na mchana, halafu anaambiwa kosa ni lake. Baadaye nadharia hiyo ilitupwa, ila wangapi walishaumia?

Nordoff na Robbins hawakutafuta wa kulaumiwa. Mtoto akipiga ngoma hovyo, piano inamfuata. Akisimama, nayo inasimama. Dogo anagundua kuna mtu anamsikia.

Je, muziki unaponya usonji? Hapana, na anayekuuzia hiyo anakupiga. Utafiti mmoja wa mwaka 2017, nchi 9 na watoto 364, haukuona muziki ukipunguza dalili kuliko huduma za kawaida. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliokusanya tafiti 26 ukaona watoto wengi hupata nafuu kwa ujumla. Kwa hiyo ni msaada, siyo dawa.

Mtaani kwetu bado mama anaambiwa mtoto karogwa au kadekezwa. Ukimkuta dogo anaimba mstari mmoja siku nzima, usimcheke. Itikia.