Umeme Usiopotea Njiani na Adui Wake Sumaku

Oktoba 2022 majenereta ya dizeli yalizimwa, Kibondo na Kasulu zikaanza kupokea umeme wa gridi kupitia Nyakanazi. Furaha ile ilistahili. Hata hivyo, kila kilometa ya waya hula sehemu ya umeme unaosafirishwa, kwa sababu ya ukinzani.

Kwamba ukinzani unaweza kutoweka kabisa kulijulikana tangu 1911, Heike Kamerlingh Onnes alipopoza zebaki mjini Leiden kwa heli ya kimiminika, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Haukupita muda akagundua kuwa sumaku yenye nguvu huiua hali hiyo. Sababu ilieleweka mwaka 1957: elektroni husafiri kwa jozi zenye spini zinazopingana, ilhali sumaku huzilazimisha zote zielekee upande mmoja.

Basi wakahesabiwa maadui. Suluhu, tena ya ajabu, ilitafutwa mpakani, pale tando nyembamba mno za maada hizo mbili zinapogusana. Mwaka 2001 watafiti wa Urusi walipitisha mkondo kutoka niobi hadi niobi kupitia utando wa sumaku wa shaba na nikeli. Mwaka 2006, huko Delft, mkondo ulivuka sumaku kali zaidi: inaelekea jozi zilikubali kuelekeza spini upande mmoja.

Majaribio hayo yote hudai baridi ya heli. Nayo heli ipo kwetu: mwaka 2016 ilitangazwa kugunduliwa bonde la Rukwa, kusini mwa Kigoma. Nasikia mengi kuhusu bei yake, machache mno kuhusu maabara.