Somo la Historia: Kutoka Kariakoo Hadi New York
Tazameni ramani. Wekeni kidole Kariakoo, Dar es Salaam. Hapo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa, Julai 1954. Mwaka 1955 wanachama walichanga nauli, wakampeleka Bwana Julius Nyerere New York kuiombea Tanganyika haki ya kujitawala. Tarehe 7 Machi alisema mbele ya Umoja wa Mataifa.

Je, ni mbali kiasi gani? Kwa njia ya mkato, kama kilomita 12,450. Gawanyeni kwa 900, mwendo wa jeti kwa saa moja. Mtapata karibu saa 14. Lakini jeti za abiria zilianza kuvuka Atlantiki mwaka 1958. Ndege za 1955 zilikwenda polepole zaidi, tena zilitua njiani kutia mafuta.

Uhuru ulifika tarehe 9 Desemba 1961. Hesabuni: ni miaka mingapi baada ya safari ile?