Staji kwenye kituo cha sokomutu: mambo ya kujua kwa vijana wa Kasongo na Kabambare

Kituo cha kulea wanyama wa pori kinapokea wanyama walionyanganywa wawindaji, wauzaji ao watu waliowafuga nyumbani. Kinawatibu, kinawafundisha tena kuishi na wenzao, na wachache wanarudishwa porini. Kwa kijana wa Kasongo ao Kabambare anayetafuta staji ya aina hii, kituo cha sokomutu kilicho karibu zaidi ni Lwiro, Kivu ya Kusini.

Lakini habari hii ilianza zamani, na ilianza hapa kwetu. David Livingstone alikaa muda murefu Kabambare, ambako yeye aliandika Bambarre, kati ya 1869 na 1871. Katika daftari zake, zilizochapishwa London mwaka wa 1874 kisha kifo chake, anaita mnyama huyu "soko", sawa vile wenyeji walivyomuita. Mwanzoni mwa 1871 mufanyabiashara aliyeitwa Katomba alimuletea soko kidogo, jike, aliyekamatwa wakati mama yake aliuawa. Muzee huyo anaeleza vile yule mutoto alijitengenezea kitanda cha majani, alijifunika mukeka, na alilia sawa mutu wakati hakuna aliyekubali kumubeba. Safari ilipofika hakuweza kwenda naye. Alimuacha, akiogopa kwamba angekufa kwa kusumbuliwa na watu.

Wakati ule hakukuwa mahali pa kumupeleka. Kituo cha Lwiro kilifunguliwa mwaka wa 2002 na ICCN, shirika la serikali linalolinda mbuga, pamoja na CRSN, kituo cha utafiti ambacho majengo yake Wabelgiji walianza kujenga kisha 1947. Kiko karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega, na kinatunza sokomutu zaidi ya mia moja, pamoja na nyani na kima wa aina mbalimbali. Vituo vingine vya Kongo vinavyofaa kujulikana: JACK ya Lubumbashi, tangu 2006, kwa sokomutu, na GRACE ya Kasugho, wilaya ya Lubero, tangu 2009, kwa gorila wa Grauer.

Nani anapokelewa? Kila kituo kina masharti yake, na hayo yaulizwe kwa barua mbele ya kufunga mizigo. Wanafunzi wa udaktari wa wanyama, sawa wale wa UCG Butembo ao wa chuo kikuu cha Lubumbashi, wana kazi iliyo wazi. Wa mazingira, kilimo na maendeleo ya vijijini wanaweza kuomba upande wa chakula cha wanyama, uchunguzi wa tabia, ao mafundisho vijijini. Barua ya chuo inahitajika, na mada ya ripoti inapaswa kujulikana mapema. Tena tusichanganye: mugeni wa Ulaya anayekuja kujitolea, mara nyingi analipa kwa kukaa kituoni. Staji ya mwanafunzi wa inchi ni mupango mwingine. Swali la kuuliza kwanza ni nani atalipa nyumba na chakula, juu hapo ndipo staji nyingi zinavunjika katikati.

Kazi yenyewe si ile ya kwenye picha. Asubuhi ni kufagia mavi, kuosha mabanda, kupima na kukata matunda na mboga. Kisha ni kuficha chakula ndani ya vipande vya mianzi ao majani, ili mnyama akitafute kwa akili sawa porini. Bila hiyo anachoka, anajingoa manyoya. Mchana, daftari: kila dakika chache mwanafunzi anaandika nani anamusafisha nani, nani anafukuzwa, nani amekaa peke yake. Kazi hii inaonekana ndogo. Kumbe ndiyo inayoonyesha kama mnyama mupya ataingizwa kundini, ao kama wengine watamuua.

Watoto wachanga hawaguswi na kila mutu. Sokomutu ananyonya miaka 4 mpaka 5, na aliyepoteza mama anapewa mulezi wa kudumu, muchana na usiku. Mwanafunzi wa miezi miwili akimuzoesha kifua chake, siku ya kuondoka anamufanya yatima mara ya pili.

Kuna pia magonjwa. Mafua yetu yanaweza kuua sokomutu, na kifua kikuu kinapita pande zote mbili. Kwa hiyo anayekuja kazini anapimwa, anavaa maski, glavu na bote, na akiwa na kikohozi anabaki nyumbani bila ubishi. Mnyama mupya anawekwa karantini, mara nyingi miezi mitatu. Kipimo chake cha kifua kikuu kinachomwa kwenye kope la jicho, ili daktari asome jibu akiwa mbali, bila kumukamata tena.

Kuhusu kurudi porini, vijana wasidanganywe: ni nadra, na ni ya miaka mingi. GRACE ilirudisha gorila jike 4 katika mulima wa Tshiabirimu, mbuga ya Virunga, Oktoba 2024, kisha miaka ya matayarisho. Sokomutu anaweza kufika miaka 50, na wengi watazeekea kituoni.

Njia nayo ni shida. Tangu vita vilipofika Kavumu na Bukavu, Februari 2025, hakuna mwanafunzi anayepaswa kushika barabara ya Lwiro bila kuuliza kituo na chuo hali ya siku hiyo. Kwa Lubumbashi kuna reli ya SNCC inayopita Samba, Kongolo na Kabalo, kwa mwenye uvumilivu.

Asiyeweza kusafiri ana kazi hapa hapa. Kwenye bonde la Luama, na popote wachimbaji wa zahabu wanapokula nyama ya pori, mutoto wa sokomutu anaweza kutokea sokoni kwenye kamba. Wenye huruma wanamununua "kumuokoa". Muwindaji anahesabu feza, anarudi musituni, na ili kupata mwingine anaua mama na mara nyingi wengine wanaomutetea. Sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa mazingira inakataza biashara hii. Basi asinunuliwe: ajulishwe ICCN ao ofisi ya Mazingira ya wilaya, na iandikwe mahali, siku, na vile mnyama alivyoonekana. Wakati wa kungojea, awekwe kwenye kivuli, mbali na watoto na mbwa, apewe maji safi, na wasimujalie umati wa watu wa kumuangalia.