Cheche, Iskra na Maji: Kisa cha Jarida la Wanafunzi Mlimani, 1969–1971

Historia ya udhibiti wa uandishi Afrika Mashariki imezoea kusimuliwa kupitia majina makubwa. Hutajwa Rajat Neogy, mhariri wa Transition, aliyetiwa mbaroni Kampala mwaka 1968; hutajwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini mwishoni mwa 1977 baada ya maonyesho ya Ngaahika Ndeenda kusimamishwa kule Kamĩrĩĩthũ. Majarida ya wanafunzi hupewa aya moja, pengine tanbihi tu, kana kwamba yaliyoandikwa na vijana kwa mashine ya kurudufu hayastahili kuhakikiwa. Kisa cha Cheche, jarida la wanafunzi wa Dar es Salaam lililopigwa marufuku Novemba 1970, chadhihirisha hasara ya mazoea hayo. Hapa mdhibiti alijitwalia kazi ambayo kwa kawaida huachiwa mhakiki: alisoma anwani, akaifasiri, kisha akaitolea hukumu.

Chuo cha Mlimani kilikuwa na kovu. Oktoba 1966 wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Katika hali hiyo likazuka kundi la wanafunzi waliodai kwamba chuo kinapaswa kuwa tanuri la ukombozi wa bara zima. Chama chao, USARF, kilianza mwaka 1967, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda. Ni chama hiki, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni, kilichotoa toleo la kwanza la Cheche Novemba 1969. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Ni muhimu kutilia mkazo jambo hili, kwa kuwa husahauliwa: wahariri hawa hawakuwa wapinzani wa Azimio. Walilishikilia kuliko wengi waliolitangaza majukwaani. Ugomvi uliofuata ulikuwa wa nyumba moja, na ugomvi wa nyumba moja mara nyingi huwa mkali kuliko wa majirani.

Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye insha moja ndefu, The Silent Class Struggle, ya Issa Shivji, mwanafunzi wa sheria aliyehitimu mwaka huohuo. Hoja ya insha hiyo haikuwa matusi wala uchochezi wa barabarani. Shivji alichunguza mashirika yaliyotaifishwa, akafuatilia mikataba ya uendeshaji na ubia na makampuni ya kigeni, akahoji iwapo kutaifisha peke yake kumevunja uhusiano wa nchi na ubepari wa kimataifa. Papo hapo aliuelekeza mwenge kwa warasimu waliokabidhiwa uchumi huo: nao je, si tabaka linalojijenga kimyakimya? Swali hilo lilikuwa zito katika taifa lililojinadi kuwa halina matabaka ya kuhasimiana. Wasomi wa Mlimani walianza kulijadili kwa maandishi, Walter Rodney miongoni mwao. Wiki chache baadaye USARF iliamriwa kuvunjwa na Cheche ikanyamazishwa.

Sababu iliyotolewa kuhusu jarida haikuigusa insha hata kidogo. Iligusa jina. Ilielezwa kwamba neno cheche ni mwangwi wa Iskra, gazeti la Lenin, na kwamba lingewafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya ujamaa wake yenyewe. Wahariri hawakuwa wameficha nasaba hiyo, wala ile ya The Spark, gazeti la wafuasi wa Nkrumah lililochapishwa Accra. Hata hivyo, hukumu yenyewe inastahili kusomwa kwa jicho la mhakiki. Iskra ilipoanza kutoka mwaka 1900 ilikuwa imeazima jina lake kutoka kwa shairi, jibu la Odoevsky, mshairi aliyefungwa Siberia, kwa Pushkin. Basi cheche ilikwisha kuruka kutoka ushairi hadi siasa, na kutoka Urusi hadi Ghana, kabla haijatua Mlimani. Neno ujamaa nalo lilikuwa limesafiri: tangu kijitabu cha Nyerere cha 1962 lilibebeshwa dhana ambayo watani, wajomba na mashangazi wa kijijini hawakuwa wameikusudia walipolitumia. Iwapo neno la Kiswahili laweza kupokea maana mpya na bado likabaki la Kiswahili, ni vigumu kuona kwa nini ruhusa hiyo ipewe ujamaa na kunyimwa cheche. Kwa mantiki ya mdhibiti, msomaji mwingine angeweza kulalamika kwamba jarida limepewa jina la yule mnyama mdogo, jamaa ya nguchiro, aitwaye pia cheche.

Kuna kinaya kingine, na hiki chawahusu wahariri wenyewe. Jarida lililotetea wakulima na wafanyakazi liliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili lililoonekana wazi kuliko yote lilikuwa lile la jaladani, na ndilo lililoshtakiwa kwa ugeni. Hoja ya Shivji, ambayo huenda ndiyo iliyowakera wakubwa, ilikuwa imefichwa tayari na lugha ambayo mkulima wa Iringa asingeweza kuisoma. Kwa upande huo wahariri walikuwa wamejidhibiti kabla ya kudhibitiwa, ingawa hapana dalili kwamba walikusudia hivyo.

Januari 1971 tawi la Umoja wa Vijana wa TANU lilianza kutoa jarida jingine, MajiMaji. Kwa juu juu jina hili laonekana kuwa salama: moto umezimwa kwa maji. Lakini maji hayo ni ya vita vya 1905–1907, na msomaji wa Mlimani alikuwa na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, ya kumkumbusha kwamba neno lililokwisha kutamkwa humponyoka aliyelitamka. Mjadala wa matabaka uliendelea humo kwa miaka. Tofauti ni kwamba sasa ulikuwa chini ya paa la chama tawala peke yake.

Hilo ndilo lililokuwa kiini cha mambo, na Julai 1971 lilijitokeza tena bila mafumbo. Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa chama cha wanafunzi, alimwandikia Makamu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi ya kulalamikia uongozi. Polisi walimkamata chuoni, akarudishwa Kenya. Cheche ilikuwa imevumiliwa mwaka mzima. Barua hii, iliyoandikwa kwa jina la wanafunzi na kusomwa na wanafunzi, haikuvumiliwa.

Ushahidi kwamba maandishi yenyewe hayakuwa tatizo kuu ulikuja mwaka 1973, pale Tanzania Publishing House, shirika lililoasisiwa kwa ubia wa dola, lilipochapisha The Silent Class Struggle pamoja na maoni ya wachambuzi wake. Hoja ileile, maneno yaleyale, safari hii yakiwa kitabu na si sauti ya chama cha wanafunzi. Simulizi ya ndani ya jarida imetufikia kwa sehemu kubwa kutoka upande wa wahariri, hasa katika kitabu alichokihariri Hirji mwaka 2010, na kwa hiyo inahitaji kusomwa kwa tahadhari ileile inayostahili kumbukumbu za kila upande uliojeruhiwa. Kitabu hicho kilitolewa na Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya, ambaye mwaka 1973 ndiye aliyeiongoza Tanzania Publishing House. Anwani yake yaanza kwa neno Cheche.