Mauaji ya Laurent-Désiré Kabila

Rais wa Kongo alipigwa risasi ofisini mwake Kinshasa tarehe 16 Januari 2001. Aliyetajwa kufyatua ni mlinzi wake Rashidi Kasereka, mmoja wa makadogo, wale askari watoto wa vita vya 1996. Naye aliuawa palepale, hivyo hakuna aliyemhoji.

Mwaka 2003 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo Kanali Eddy Kapend pamoja na wenzake kwa mauaji hayo. Hukumu hiyo haikuwatosheleza wengi, na si ajabu. Filamu ya Arnaud Zajtman na Marlène Rabaud ya mwaka 2011 iliitilia shaka waziwazi.

Kapend alitoka gerezani Januari 2021, kwa msamaha wa Rais Tshisekedi.