Kuita taratibu za hifadhidata: Kasha moja lisitolewe mara mbili

UTARATIBU uliohifadhiwa ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa mapema, yakapewa jina na kuwekwa ndani ya hifadhidata yenyewe. Programu iliyo mbele ya karani haina haja ya kuyajua maagizo hayo. Hulitaja jina, hutoa maelezo yanayotakiwa, kisha hungoja jibu.

Biashara ya makasha mjini Mombasa yaonyesha faida yake. Mwaka wa 2005 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) ilileta mfumo wa forodha wa Simba, uliotokana na Gaindé wa Senegal, neno ambalo kwa Kiwolof pia ni simba. Mwaka wa 2008 Halmashauri ya Bandari ya Kenya (KPA) ikaanzisha KWATOS. Simba umekwisha kuachia nafasi iCMS, lakini kazi ya karatasi haikurudi kuwa ilivyokuwa.

Tuseme kasha limeshushwa Kipevu na kupelekwa bohari moja ya Changamwe. Wakala mmoja wa forodha amesimama dirishani. Mwenzake, aliye Kisauni, anatumia simu. Programu zote mbili zinasoma kwamba kasha lipo na ada imelipwa, na zote mbili zinaandika kibali. Malori mawili yanafika langoni kuchukua mzigo mmoja.

Sharti likiwekwa ndani ya utaratibu, tuuite toa_kasha, mambo hubadilika. Utaratibu huo huifunga kwanza rekodi ya kasha, huhakiki ada, huandika nambari ya lori, na yote hayo huwa muamala mmoja. Ombi la pili husubiri, kisha hukataliwa. Haidhuru kama programu ya dirishani iliandikwa kwa PHP na ile ya simu kwa Java. Sharti ni lile lile.

Wito wenyewe ni mfupi. Katika Oracle na MySQL hutumiwa amri ya CALL, na katika SQL Server ya Microsoft ni EXECUTE. Mwandishi wa Java hutumia CallableStatement, huweka alama za kuuliza mahali pa vigezo, na hutangaza aina ya kila kigezo cha kurudisha jibu kabla ya kutuma. Asiunge maneno ya mteja na amri kwa mkono, kwani mlaghai aweza kupenyeza amri yake humo. Na kinyume cha wanavyodhani wengi, utaratibu unaounganisha maneno hivyo ndani yake nao hauna kinga.

Lililo gumu zaidi ni ukimya. Umeme wakatika au mtandao wapotea baada ya wito kutumwa, na jibu halirudi. Je, kasha limetolewa au la? Karani akibonyeza tena, huenda akaanza muamala wa pili. Ndiyo sababu kila ombi hupewa nambari yake ya pekee, itumwe pamoja na vigezo vingine. Utaratibu ukiikuta nambari hiyo imekwisha kuandikwa, hurudisha jibu la awali bila kufanya kazi upya.

Gharama zipo. Lugha ya taratibu za Oracle si ile ya SQL Server, hivyo kuhama ni kuandika upya. MySQL ilizipata taratibu hizi katika toleo la 5.0 mwaka wa 2005, na PostgreSQL ikapata amri ya CALL katika toleo la 11 mwaka wa 2018, ingawa ilikuwa na funksheni tangu zamani.

Kigezo kipya kikiongezwa Changamwe kabla ya programu ya ofisi ya Likoni kubadilishwa, kila wito kutoka Likoni utashindwa. Katika MySQL, ambayo hairuhusu kigezo cha utaratibu kuwa na thamani ya msingi, huundwa utaratibu wa pili wenye jina jipya, na ule wa kwanza huachwa mpaka tarakilishi ya mwisho ibadilishwe.