Maji, Chumvi na Sukari

Miaka kumi hii tumezungumza sana habari za hisa, mikopo na marejesho. Ukurasa huu tumeuweka kwa jambo jingine tulilojifunza pamoja kwenye mikutano yetu: huduma ya kwanza kwa mtoto anayeharisha.

Hapa Darajani jambo hili lina historia. Jina letu linatokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla haujafukiwa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja. Daktari James Christie, aliyefanya kazi hapa wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikachapwa mwaka 1876. Sasa fikirini, kina mama: chumvi ilikuwepo, na utamu ulikuwepo. Kilichokosekana ni kujua tu. Anayeharisha huuliwa na kukaukiwa maji na chumvi mwilini, na mtoto mchanga hufika hapo kwa saa chache.

Elimu ilichelewa mno. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, iliishiwa na maji ya kutundikia wagonjwa. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, na wanyweshaji wakawa jamaa zao wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Halafu, kuanzia 1980 hadi 1990, shirika la BRAC la huko Bangladesh likatuma wanawake nyumba kwa nyumba, kaya zaidi ya milioni 12, kufundisha akina mama kuchanganya chumvi na sukari guru. Mfundishaji alilipwa kwa kadiri mama alivyokumbuka somo! Sisi watu wa hesabu tumeupenda sana mpango huo.

Kwetu, mwaka 1978 kipindupindu kilizuka katika kijiji cha wavuvi: wagonjwa 411, waliofariki 51. Kimerudi mara kadhaa, hata 2015 na 2016.

Wapo wanaosema ati mtoto anayeharisha asipewe maji, atazidi. Si kweli hata kidogo. Mpe ziwa kama kawaida, na pakiti ya chumvichumvi ya dukani au kituoni. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, visijae kilima. Chumvi ikizidi ni hatari. Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena. Akiwa macho yamezama, amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, hapo ni hospitali mbio. Mfuko wetu wa dharura utalipa teksi hadi Mnazi Mmoja hata usiku wa manane, lakini maji yaanze nyumbani, na kama anaweza kumeza, kikombe na kijiko viingie naye garini.